Kiangazi ni cha nani?



Ndugu msomaji, ukifika Itumba mwezi huu wa Agosti utadhani wilaya nzima ya Ileje iko kwenye sherehe. Mahindi yako ndani. Maharage yameshapigwa na kupepetwa. Kahawa iko kwenye vichanja inakauka, na nyingine imeshapelekwa chama cha msingi. Njia za vijijini zinapitika kwa bodaboda bila abiria kushuka kusukuma. Jumapili nasoma matangazo ya ndoa mpaka waamini wanaanza kusinzia: fulani wa kigango hiki anakusudia kufunga ndoa na fulani wa kigango kile, kwa mara ya kwanza, kwa mara ya pili, kwa mara ya tatu. Kwaya, ambayo Januari ilikuwa na sauti ya kwanza watu watatu na besi mmoja mwenye mafua, sasa haitoshi kwenye mabenchi yake. Uwanjani vijana wanagombea kombe la mbuzi kuanzia saa tisa alasiri.

Huo ndio uso wa nje. Ofisi ya parokia ina uso mwingine. Miezi hii hii ya furaha ndiyo miezi ambayo wanandoa wengi hupanga foleni pale wakiwa hawasalimiani. Kwa miaka yangu ya upadre nimeona jambo hili likijirudia katika vijiji vya wakulima. (Sisemi ya kitubio, ya kitubio hayaandikwi gazetini. Nasema yale ambayo watu wenyewe huyaleta mezani mbele ya wazee wa jumuiya.) Wakati wa mvua, wakiwa na shida, wanakuwa pamoja. Kiangazi, wakiwa na mavuno, wanaachana njia. Leo nataka tulitazame jambo hili, kwa sababu wengi tunalichukulia kuwa ni la fedha tu, nami nadhani kabla ya kuwa la fedha ni la muda.

Shuleni watoto hufundishwa majira manne: masika, kipupwe, kiangazi na vuli. Huku kwetu Songwe mvua ni moja. Huanza Novemba, mwaka mwingine huchelewa hadi Desemba, na hutuaga Aprili au Mei. Juni na Julai ni baridi ya kuvaa sweta mbili, hasa upande wa milima ya Undali. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi, watu wakitazama juu. Basi. Maisha ya nyumba nzima hufuata mstari huo, pamoja na yale mambo madogo ambayo mtu huyafanya kwa kupenda tu, bila kulipwa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi huruka, na mtoto asiyejua kuwakimbiza na ungo huyo hajazaliwa kijijini. Siku chache baadaye uyoga unatoka, na bibi ndiye profesa, maana ndiye anayejua upi unaliwa na upi unaua. Kisha michezo inakoma. Baba, mama na watoto wakubwa wako shambani kabla jua halijachomoza: kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili. Noeli inatukuta na matope magotini. Mwaka hadi mwaka Misa ya mkesha inaambatana na ngurumo juu ya mabati, na mahubiri yangu mafupi kuliko yote ni yale ambayo mvua imeyakatiza. Jioni ni fupi. Watu hujikusanya jikoni kwa sababu ndiko kuliko na moto, na kwa sababu hakuna pa kwenda. Hapo ndipo mtoto husikia babu yake alivuka Mto Songwe mwaka gani kwenda kuoa upande wa pili. Hapo ndipo mama humfundisha binti kusuka ukili, na baba, akiwa hana hata mia mfukoni, hutengeneza mpini wa jembe huku akijibu maswali ya watoto.

Halafu inakuja Februari na Machi, ghala likiwa limeisha na shamba bado halijatoa. Kwaresima yetu huangukia hapo hapo. Kalenda ya Kanisa ilipangwa na watu wa kaskazini mwa dunia, ambao Pasaka kwao ni majira ya miti kuchipua baada ya baridi. Sisi huku tunapofika Pasaka, kati ya Machi 22 na Aprili 25, mahindi yanakaribia kuchomwa na maboga yamejaa kila kona. Lakini mfungo nadhani unatufaa kuliko unavyowafaa wao. Kufunga wakati sufuria yenyewe imefunga ni jambo linaloeleweka bila katekesi ndefu. Na nimeona katika miezi hiyo familia zikigawana kiazi kimoja kwa upole ambao siuoni mwezi wa Agosti kwenye sinia la pilau.

Sasa mavuno yanaingia. Mei na Juni bado ni kazi, lakini ni kazi yenye kicheko ndani yake. Kupukuchua mahindi ni kazi ya kukaa chini kwa duara. Kahawa nayo, ukishaichuma, ukaikoboa, ukaiosha na kuianika, inataka kuchambuliwa: familia inasimama kuzunguka kichanja, vidole vinatafuta punje mbovu, na mdomo uko huru. Sijui kazi nyingine duniani inayoruhusu mazungumzo marefu namna hiyo kati ya baba na binti yake wa miaka kumi na minne. Watoto wadogo wanatengeneza magari ya mabua. Wakubwa kidogo wanachimba panya wa shambani, mchezo ambao jirani zetu wa Malawi wameufanya biashara, wanawauza wamebanwa kwenye vijiti kando ya barabara kuu. Hata Serikali inajua kwamba wakati wa mkulima kupumua ni huu. Nane Nane haikuwekwa Agosti kwa bahati, na watu wa kwetu hupanda magari kwenda viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya kuona ng'ombe wa maziwa, na kula chipsi.

Kisha malipo yanatoka, na duara linavunjika.

Mchezo wa bao, ambao mzee mmoja na jirani yake waliucheza chini ya mti nyumbani, watoto wakichungulia na kujifunza kuhesabu kete, umehamia kilabuni. Redio iliyokuwa inasikilizwa na nyumba nzima imeachiwa kuku. Baba yuko kibanda umiza. Nawaheshimu wapenzi wa soka, na mimi mwenyewe nina timu ambayo siitaji hapa kwa ajili ya amani ya parokia. Lakini tazama jinsi majira yanavyokutana: Ligi Kuu ya Uingereza huanza Agosti na kumalizika Mei. Na ligi yetu ya Simba na Yanga kwa kawaida hufuata mwendo huo huo. Maana yake ni kwamba pazia la mpira linafunguliwa wiki zile zile ambazo mkulima wa kahawa ameshika fedha na jembe lake limeegeshwa ukutani. Na siku hizi kutazama hakutoshi, lazima kubeti. Zamani kiangazi mkeka ulitandikwa uani, watoto wakalala juu yake wakihesabu nyota. Leo ukisema mkeka, kijana wa Itumba anafikiria orodha ya mechi kwenye simu, na swali lake ni moja tu: umechanika au haujachanika?

Neno letu la Kiswahili uraibu lina sura mbili. Ni kile ambacho mtu hupenda kukifanya kwa kujifurahisha, na ni kile kilichomshika mtu hata asiweze kukiacha. Lugha imeona kwamba umbali kati ya viwili hivyo ni mdogo. Ukitaka kujua umesimama upande upi, uliza kama wa nyumbani kwako wangeweza kuja kukaa karibu nawe unapokifanya.

Wapo pia wasiokaa kilabuni wala kibandani, ila hawapo kabisa. Vijana na akina baba wengi, kahawa ikiisha, wanakwenda Tunduma kutafuta vibarua na biashara ndogo ndogo mpakani, kule ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana. Wanakwenda kwa sababu ada zinawasubiri Januari. Siwalaumu, naona tu kwamba kijana anaondoka Julai akiwa baba wa mtoto anayetambaa, na anarudi na mvua ya kwanza akiwa mgeni kwa mtoto anayekimbia. Nao wengine mvua inanyesha hawarudi.

Na mama je? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mama mmoja wa parokia, alipoulizwa na wenzake wa WAWATA ni wakati gani wa mwaka anapumzika, alifikiri muda mrefu, kisha akasema kiangazi yeye hukiona kwa wengine. Wenzake walicheka sana, kicheko cha watu waliotambuliwa. Hesabu mwenyewe. Juni anachuma kahawa na mtoto mgongoni. Julai anapukuchua. Agosti kuna harusi kila Jumamosi, na harusi kwa mwanamume ni kula, kwa mwanamke ni kupika. Septemba anakwenda kuni, kwa sababu kuni za miezi ya mvua lazima ziwe ndani kabla mvua haijaanza. Kuni mbichi Januari ni moshi na machozi. Oktoba visima vya karibu vinapungua, anafuata maji mbali. Novemba anashika jembe. Majira yanabadilika juu ya kichwa chake kama mawingu, mzigo ukibaki ule ule, leo kuni, kesho ndoo. Kiangazi kimempa mumewe nafasi ya kupenda kitu. Yeye kimempa mizigo ya aina nyingine.

Tuje kwenye Maandiko. Sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo inasema Mungu aliweka mianga angani ili iwe alama za majira, siku na miaka. Katika Kiebrania neno lililotafsiriwa majira ni moed. Tulipokuwa seminari mwalimu wetu wa Agano la Kale alitukalisha kwenye neno hili kipindi kizima, nasi tukalalamika, maana kengele ya chakula ilikuwa karibu. Moed ni wakati uliowekwa kwa ajili ya kukutana. Ndilo neno linalotumika katika Walawi sura ya 23 kwa sikukuu za Bwana. Ndilo linalotumika pia kwa ile hema ya Musa jangwani, hema ya kukutania. Kiswahili tuna ndugu yake wa damu, aliyetufikia kwa njia ya Kiarabu: miadi. Kwa hiyo jua na mwezi, katika macho ya Biblia, vinafanya zaidi ya kumwambia mkulima lini apande. Vinatangaza miadi. Mungu ameweka wakati wa kukutana na watu wake, na wakati wa watu wake kukutana wao kwa wao.

Na miadi kubwa kuliko zote za mavuno iko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16. Baada ya nafaka kutoka kwenye uwanja wa kupuria na divai kutoka shinikizoni, Mwisraeli aliagizwa kufanya sikukuu ya vibanda siku saba. Agizo lenyewe ni la kufurahi. Sheria inaamuru furaha! Kisha inataja wa kufurahi nao: mwana, binti, mtumishi wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mungu hakumwachia mkulima aliyeuza mavuno yake ajichagulie peke yake mahali pa kwenda kufurahi. Alimtajia orodha ya wageni waalikwa, na orodha inaanzia ndani ya nyumba yake.

Msomaji mwangalifu ameshanyoosha mkono. Padre, mke yuko wapi kwenye orodha hiyo? Hayupo. Na hayupo vilevile katika amri ya Sabato, Kutoka 20 na Kumbukumbu 5, ambako anatajwa mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mifugo na hata mgeni. Ng'ombe ametajwa, mke hajatajwa. Wapo wafafanuzi wanaosema ametajwa katika neno la kwanza, “wewe”: mume na mke ni mwili mmoja, basi anayeamriwa kupumzika ni wote wawili, na wote wawili ndio wanaopaswa kuhakikisha wengine wanapumzika. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu Sheria iliyomkumbuka punda isingeweza kumsahau mama wa nyumba. Lakini naona pia kwamba katika nyumba zetu tumeisoma orodha hiyo kwa namna nyingine kabisa, kana kwamba aliachwa kwa makusudi ili awepo wa kupika hao wengine wakipumzika.

Isije mtu akadhani padre anakuja kuwanyang'anya watu bao. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mtu aliyeandika juu ya malaika na juu ya Utatu, hakuona aibu kuuliza katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, kama kuna fadhila katika michezo. Akajibu kwamba ipo. Anasimulia habari aliyoipokea kwa mababa wa jangwani: watu walikwazika walipomkuta Yohane, Mwinjili, akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Akarusha, akarusha tena, na tena. Yohane akauliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akasema upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu, akasema Yohane. Wabantu tulishasema kwa maneno mawili na kiunganishi: kazi na dawa.

Ila nikiisoma habari hiyo hapa Itumba, swali linalonijia ni: katika nyumba hii, upinde unaokaribia kuvunjika ni upi? Mara nyingi siyo ule ulioning'inizwa kilabuni.

Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo ndani ya familia, Amoris Laetitia, ana neno kali kwa upole kwenye namba 225. Anasema wanandoa wasipojua wafanye nini na muda wanaokuwa pamoja, mmoja wao ataishia kukimbilia vyombo vya teknolojia, au shughuli nyingine, au mikono ya mtu mwingine. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona amekaa kwenye kibanda umiza chetu. Tatizo analolitaja si ukosefu wa muda. Ni watu wenye muda wasiojua kuutumia wakiwa wawili. Wakati wa mvua swali hilo halijitokezi, kwa kuwa kazi ndiyo inayowaweka bega kwa bega. Kiangazi kinawaondolea jembe katikati yao, wanatazamana, na kila mmoja anatafuta mlango.

Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Dar es Salaam au Dodoma, usiseme habari hii ni ya wakulima. Kiangazi chako ni mwisho wa mwezi, ni likizo ya Juni na ya Desemba, ni Jumamosi mchana. Watoto wanarudi kutoka bweni, na wewe ndiyo kwanza vikao vya harusi vimeanza.

Sina dawa ya nyumba zote. Nimeona vitu vidogo vikisaidia. Kuna mzee wa kigango kimoja, fundi wa vikapu vya mianzi, ambaye aliamua kuhamisha kazi yake ya mikono kutoka kijiweni na kuileta uani. Sasa mjukuu wake wa kike anasuka kuliko yeye, na wale wazee wa kijiweni wameanza kumfuata pale pale uani. Kuna wanandoa vijana ambao hesabu ya fedha ya kahawa huifanya wakiwa wawili, siku ile ile inapoingia, kabla ya fedha hiyo kulala hata usiku mmoja. Mume anasema ugomvi wa siku hiyo moja umewaondolea ugomvi wa miezi mitatu. Kuna bwana mmoja aliyemfundisha mkewe bao. Sasa anafungwa kila siku, naye amelalamika kwangu, malalamiko niliyoyapokea kwa furaha kubwa.

Na kuna jambo la kuni. Mwaka jana jumuiya moja ndogo ndogo, baada ya kusoma ile orodha ya Kumbukumbu la Torati katika sala ya juma, ilibishana mpaka usiku. Mwisho wanaume walikubaliana kwamba kuni za Septemba ni zao. Baadhi walinuna, wakisema majirani watawacheka, na majirani kweli waliwacheka. Walikodi mkokoteni, wakaenda na mashoka. Jumamosi mbili zikatosha kujaza majiko ya kaya zote kumi na moja, pamoja na ya mjane mmoja ambaye si wa dhehebu letu. Jumamosi ya tatu akina mama walijikuta hawana kazi. Walivaa vitenge vyao vya sikukuu, wakaenda Isongole kumwona mwenzao aliyejifungua, wakakaa huko mchana kutwa wakiimba na kutaniana, na wakarudi jioni taratibu, jua likizama. Nyumbani walikuta ugali umepikwa. Ulikuwa na madonge, lakini uliliwa wote.